Visiwa Vilivyochora Chombo

Mwaka 1331 Ibn Battuta aliondoka Mogadishu kwa chombo akashuka kusini, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa. Njia hiyo haina pa kupitia ila mbele ya Kisimayu, kusini mwa Somalia, na visiwa vya Wabajuni, lakini katika habari za safari yake hakuvitaja. Ni baadaye sana, alipofika Maldivi, ndipo alipoeleza jambo ambalo mwambao huu ungeweza kumfundisha mapema: kwamba chombo kilichopigiliwa misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, na kilichoshonwa kwa kamba za kumbi hunepa, kikasalimika.

Nimewahi kusoma hoja hiyo mara nyingi nikiwa nimeketi nchi kavu, nikaikubali kama mtu akubalivyo jambo la vitabuni. Kuanzia Kisimayu hadi Ras Kiamboni inakuwa kitu kingine. Hapa mwamba uko chini ya mkuku, maji yanakimbia juu yake, mikoko imejipinda pembeni kwa umbo la taruma, yaani ubavu wa chombo, na unaona kwa macho yako kwa nini mtu wa hapa aliunda chombo cha aina ile na si nyingine. Mwenye kutaka meli siku hizi huenda kwa kampuni ya wasanifu yenye ofisi, kompyuta na bwawa la kujaribia mifano. Pwani hii nayo ilikuwa na nyumba yake ya usanifu. Ofisi yake ni kilomita 170 hivi za visiwa na hori za mikoko, na mchoraji mkuu alikuwa mahali penyewe.

Kisimayu ndiyo mlango. Ikweta imepita kaskazini kidogo ya mji, na Mto Juba unaingia baharini Goobweyn, si mbali na hapo, ukiwa umebeba udongo wa nyanda za juu za Ethiopia. Bandari ya sasa ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, kisiwa kilichokuwa mbele ya mji kikaunganishwa na bara kwa tuta la mawe. Wengi wameitamani. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma manowari chini ya McKillop Pasha, zikaichukua kutoka mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, na haukupita muda mrefu shinikizo la Waingereza likaziondoa. Waingereza wakaitawala pamoja na Jubaland yote, kisha mwaka 1925 wakaikabidhi kwa Waitalia. Septemba 2012 majeshi ya Kenya yakaingia na al-Shabaab wakatoka. Hayo yameandikwa sana na wengine, na wageni wengi waijuao Kisimayu wanaijua kwa hayo tu. Mimi nilikuja kwa ajili ya ufuko wa mashua.

Ufukoni pale, maji yakipwa, vyombo vinabaki vimeegemea magadi, tumbo wazi, na mtu anaweza kuvizunguka na kuvitazama kama vilivyo. Mashua nyingi zina mashine nyuma, lakini miili yake ni ya kale. Utaona mahali ambapo ubao umebadilishwa, mahali ambapo kalafati mpya ya pamba iliyolowekwa mafuta imesukumwa kwenye mshono, na mstari mweupe wa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, inayopakwa sehemu izamayo ili mnyoo wa baharini usitoboe mti. Mafuta ya ini la papa, sifa, hupakwa juu. Harufu yake ni kali na haisahauliki, nami naipenda, kwa sababu ni harufu ya chombo kinachotunzwa.

Msimu wa kwenda kusini ni wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kusi likisimama katikati ya mwaka, bahari ya nje hufunga. Mawimbi hupasuka kwenye miamba na wavuvi hukaa ndani ya mlango wa visiwa au hawatoki kabisa. Katika kaskazi maji hutulia, na kuna jambo jingine la kheri: mkondo unaopanda kutoka pwani ya Kenya hukutana na mkondo wa Kisomali unaoshuka kutoka kaskazini, na mbele ya mwambao huu yote miwili hugeuka kuelekea bahari kuu. Maji ya chini, yenye chakula, hupanda. Samaki hufuata, na watu wakafuata samaki.

Visiwa vyenyewe vimejipanga kwenye mstari, sambamba na bara, karibu kabisa. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ndivyo vinavyojulikana zaidi, na katikati na baada yake kuna vijisiwa na miamba mingi isiyo na nyumba hata moja. Zamani za mbali sana mstari huu ulikuwa tumbawe lililo hai chini ya maji. Bahari iliposhuka, tumbawe likabaki juu, likawa jiwe. Ndiyo maana kingo za visiwa zimeliwa chini na mawimbi, zikaning'inia, na ndiyo maana kuta za nyumba, misikiti na makaburi ni za jiwe lile lile linalokanyagwa. Upande wa nje kuna bahari kuu. Upande wa ndani, kati ya visiwa na bara, kuna mlango mrefu wa maji machache ambao nahodha anaujua kwa rangi: kijani kilichoiva ni njia, kijani kibichi ni mchanga, hudhurungi ni mwamba.

Katika mlango huo ndipo usanifu unapoanza. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 2. Njia iliyokuwa na kina asubuhi huwa mchanga mkavu adhuhuri. Chombo cha hapa basi kinatakiwa kwenda kwenye maji machache, kigonge mwamba bila kufa, kikae juu ya mchanga mara mbili kwa siku bila mbao zake kuachana, na kitengenezwe kwa vitu vinavyopatikana karibu, kwa kuwa chuma na misaji vilipaswa kununuliwa mbali kwa fedha. Mwenye kuyaweka masharti haya mezani mbele ya mhandisi yeyote wa meli angeambiwa ni masharti magumu. Wabajuni waliyajibu kwa mtepe.

Mtepe haupo tena baharini. Iliyoundwa mwisho kwa kazi ilikwisha katika miaka ya 1930 hivi, na kazi yenyewe katika siku zake za mwisho ilikuwa zaidi upande wa Faza na vijiji vingine vya kisiwa cha Pate, ambako Wabajuni wa Kenya ni ndugu wa damu wa hawa wa Chula na Koyama. Picha, mifano ya mbao katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, na maandishi ya watu kama James Hornell, aliyeuandikia makala mwaka 1941, na A. H. J. Prins wa Uholanzi, aliyetoa kitabu chake kuhusu ubaharia wa Lamu mwaka 1965, vinatosha kutuonyesha ulivyokuwa. Ningependa kuueleza polepole, maana unastahili.

Kazi ilianza na mkuku. Juu ya mkuku zikapandishwa mbao za ubavuni, ukingo kwa ukingo. Fundi alitoboa matundu kwa keke kwenye ubao mmoja, akatoboa mengine sambamba kwenye mwenzake, kamba ya kumbi ikapitishwa na kukazwa, kisha matundu yakazibwa kwa vigingi ili kamba isirudi nyuma. Kati ya ukingo na ukingo vilipigwa vijiti vya mti vya kuzuia mbao zisiteleze. Hakuna msumari. Mataruma hayakuwepo bado. Yaliingizwa mwili ukiwa umekwisha kupata umbo, yakafungwa kwa kamba nayo. Mlingoti ulikuwa mmoja, na tanga lilikuwa mkeka wa mraba, uliosukwa kwa miyaa. Usukani nao ulifungwa kwa kamba. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa tani 20 hivi.

Mpangilio huu wa kazi, mbao kwanza na mataruma baadaye, ndio moyo wa usanifu wa pwani yetu, na sioni ukielezwa vya kutosha shuleni. Muundaji wa Ulaya wa karne ya 19 alichora mataruma kwenye karatasi, akayasimamisha, kisha akayavika mbao. Umbo la meli lilikuwa limeamuliwa kabla mti haujaguswa. Kwa fundi wa mtepe umbo lilizaliwa ubao baada ya ubao. Kila ubao ulipokunjwa ndio ulioamua wa juu yake ukunjwe vipi. Alipima kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, yaani kwa mwili wake mwenyewe, na kwa kamba iliyonyooshwa kutoka gubeti, mbele, hadi fashini, nyuma. Kosa la wanda moja chini lingekuwa kosa la shibiri juu. Kwa hiyo alipaswa kukiona chombo kizima akilini tangu siku ya mkuku, na kukishika hivyo kwa miezi yote ya kazi. Hiyo ni hesabu. Haikuandikwa, lakini ni hesabu.

Mwaka 1860 wasanifu wa meli wa Uingereza walianzisha chama chao London. Mwaka 1872 William Froude alianza kukokota mifano ya nta katika bwawa refu alilolijenga Torquay, akitafuta namna ya kukisia ukinzani wa maji dhidi ya meli ambayo haijaundwa. Ilikuwa hatua kubwa, na kila meli inayotia nanga Mombasa au Dar es Salaam leo inanufaika nayo. Lakini tukumbuke kwamba miaka hiyo hiyo mitepe ilikuwa ikienda na kurudi kati ya visiwa vya Lamu, Mombasa na Zanzibar, na bwawa lake la majaribio lilikuwa mlango huu wa Wabajuni. Umbo lililoshindwa lilibaki juu ya mwamba. Umbo lililofaa lilirudi nyumbani, na mtoto wa fundi akaliiga. Kwa karne nyingi matokeo ya majaribio hayo yalihifadhiwa kwa mkono na jicho, kutoka baba hadi mwana, kutoka fundi hadi mwanafunzi wake.

Karne nyingi kiasi gani? Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, uitwao Periplus, unataja vyombo vya kushonwa katika mwambao huu. Mabaharia wa Vasco da Gama waliona Msumbiji mwaka 1498 vyombo vikubwa visivyo na msumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba na matanga yake ni mikeka. Kati ya shahidi wa kwanza na wa pili ni zaidi ya miaka 1,400. Sidhani kuna kampuni yoyote duniani inayoweza kudai kudumisha muundo mmoja kwa muda huo.

Sharti niseme pia udhaifu wake, maana sifa isiyo na ukweli ni dharau. Chombo cha kushonwa huvuja. Ngama ilitekwa mchana na usiku, na kamba zililazimika kukaguliwa na kushonwa upya kila baada ya muda. Marco Polo alipoviona vyombo vya namna hii Hormuz katika karne ya 13 alivilaumu vikali, akasema ni hatari kuvipanda. Huenda kwa Hormuz alikuwa na haki yake. Hapa kwetu kuvuja kidogo kulikuwa bei ndogo ya kununua mwili unaonepa, na baharia mwenye ndoo anajua kwamba ngama inatekeka. Ubao uliopasuka juu ya mwamba hautekeki.

Kamba hizo zilikuwa na historia yake. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa ufukoni, mahali ambapo maji yanajaa na kupwa, yakakaa humo miezi mpaka yalainike. Huchimbuliwa, hupondwa kwa gongo, usumba ukatoka, ukasokotwa kwa viganja. Katika mwambao wote hii imekuwa kazi ya wanawake, na wao ndio waliosuka mikeka pia. Vitabu vya vyombo vinamsifu fundi mwenye tezo, naye anastahili. Lakini mtepe ulishikwa na kamba na ukaendeshwa na mkeka. Chombo hicho kiliundwa na wanawake kwa kiwango ambacho hakuna jahazi la misumari lililowahi kufikia, na nadhani ni wakati muafaka liandikwe hivyo.

Gubeti ndilo lililowashangaza wageni. Lilitokeza mbele, refu, likiwa limechongwa mfano wa kichwa cha ngamia na kutiwa jicho la rangi, na vitambaa vyeupe vilipepea. Simulizi za Wabajuni husema ni ngamia wa Mtume. Mtu aliyezoea pwani ya Tanga au Kilwa anaweza kujiuliza ngamia alitoka wapi katika sanaa ya baharini. Akija hapa hatauliza. Katika bara linalotazamana na Koyama ngamia hufika hadi ufukweni. Wafugaji huwaleta karibu na visima, na ukiwa ndani ya mashua unaweza kuona shingo zao juu ya vichaka vya miiba. Bahari ya Waswahili na nchi ya ngamia zimegusana katika mwambao huu, na mguso huo wakautia kwenye pua ya chombo.

Swali lililonitatiza kwa muda ni hili: kwa nini mtepe ulidumu hadi karne ya 20, wakati misumari ilikuwa imejaa madukani Lamu na Mombasa tangu zamani? Mwanahistoria Erik Gilbert aliliandikia makala mwaka 1998, na jibu lake linahusu biashara ya karibu. Mtepe ulibeba boriti za mikoko na bidhaa za mwambao, safari fupi fupi, na uliundwa kwa mti, nazi na jasho la nyumbani. Mwenye mtepe hakuhitaji kukopa kwa tajiri wa mjini ili anunue chuma na mbao za Malabar. Nikiwa hapa naona hoja hiyo ina nguvu. Visiwa vina jiwe na samaki. Fedha taslimu ni adimu. Usanifu mzuri huanza kwa kuuliza mwenye chombo ana nini mkononi.

Koyama ni kisiwa cha kwanza kikubwa kwa anayetoka Kisimayu. Nyumba ni za mawe na makuti, maji ya visima yana chumvi chumvi, na mvua hukingwa kwa bidii. Ngumi, baada yake, ni ya magofu. Kuta zimesimama ndani ya vichaka, makaburi yamechongwa kwa ustadi uleule unaouona Pate na Shela, na hakuna anayekuzuia kukaa ukayatazama mpaka jua ligeuke. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyefanya kazi kubwa Kilwa na Manda, alipita visiwa hivi mwishoni mwa miaka ya 1960 akaandika alichokiona. Zaidi ya hapo magofu haya yamechimbwa kidogo mno ukilinganisha na ya Kenya na Tanzania. Kwa nafsi yangu, Ngumi ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ukisimama juu ya jiwe upande wa mashariki unasikia bahari kuu ikipiga chini ya miguu yako ndani ya pango, na ukigeuka magharibi unaona maji ya ndani yametulia, rangi tatu, na bara la chini lisilo na mlima.

Chovai na Chula ni vya watu. Chula hasa: mji mmoja uliobanana, vichochoro vyembamba, vyombo mbele, watoto ndani ya hori wakipiga kafi kabla hawajajua kusoma. Mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli alikaa na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu wavuvi hawa bado ndicho kikubwa kuliko vyote. Haijatoka tafsiri ya Kiswahili, nami naona hilo ni deni la vyuo vyetu. Miongoni mwa mambo ambayo Wabajuni wamesifika kwayo ni kuvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kunatia kichwani. Mvuvi humweka chazo hai, akamfunga kamba mkiani. Akimwona kasa juu ya maji humwachia, chazo akaenda kujinatia kwenye gamba, na kasa akavutwa polepole hadi ubavuni mwa chombo. Leo kasa ni viumbe wa kulindwa, na ni haki. Lakini uvuvi ule ulidai chombo chepesi, chenye ubavu wa chini kiasi cha mtu kuinama na kushika gamba, na chenye kugeuka papo hapo. Umbo la dau la hapa limebeba kumbukumbu ya kazi hiyo hata baada ya kazi kwisha.

Kusini zaidi bara linafunguka na bahari inaingia ndani: Burgabo, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Durnford. Ni bandari ya asili iliyofichika, na mikoko yake imesonga kando ya maji hadi ndani kabisa. Hapa ndipo unapoona ghala la fundi. Mkoko hauoti ukanyooka wote. Mizizi na matawi yake hukunjika kwa pembe ambazo fundi anazitafuta, na mti uliokunjika wenyewe ni imara kuliko uliokatwa kwa msumeno ukapindishwa. Mafundi wa mwambao huingia mikokoni wakiwa tayari wanajua taruma gani linakosekana, wakatazama mti mmoja mmoja mpaka wakaliona limesimama ndani ya tope. Mbao za ubavuni zilitoka kwenye miti mikubwa ya bara. Upande wa Lamu mbambakofi ulipendwa sana.

Burgabo ina mambo yake mengine. Mwaka 1912 Kapteni Haywood, Mwingereza, alisema alipata hapa sarafu za kale, zikiwamo za Kirumi na za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio wa Misri, na wataalamu wamebishana juu yake tangu hapo. Wapo waliodhani hapa ndipo ilipokuwa Shungwaya, nchi ya asili inayotajwa katika simulizi za Wabajuni, Wamijikenda na wengine. Chittick hakuona magofu ya kale kiasi cha sarafu zile. Kwangu mimi kaburi la nguzo na mabaki ya ukuta yanatosha kuonyesha kwamba watu wenye mali na adabu waliishi kwenye mlango huu wa maji, na kwamba vyombo vyao viliundwa humu humu.

Jina la Shungwaya lilirudi baharini kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe uliundwa upya Zanzibar, ukapewa jina hilo, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Watoto wengi wa shule waliona kwa mara ya kwanza chombo cha kwao kisicho na msumari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Waomani, kwa upande wao, waliamua kushona na kusafiri. Mwaka 1980 meli ya kushonwa Sohar, iliyoundwa Sur, iliondoka Muscat ikiwa na msafiri Tim Severin na mabaharia wa Kiomani, ikafika Canton mwaka uliofuata. Mwaka 2010 nyingine, Jewel of Muscat, ikasafiri hadi Singapore. Serikali ilitoa fedha, mafundi wakapata heshima, na vijana wakajifunza kazi kwa mikono. Sisi tuna haki na sababu ya kufanya hivyo kwa mtepe, na mahali pa kuufanyia ni ufuko wa Chula au Koyama, kwenye maji yaliyouzaa. Uwekwe mzigo wa kweli ndani yake. Uende Lamu, ugonge mwamba njiani, tuone kamba zinavyofanya.

Nasema hivi nikijua yaliyowapata wenye visiwa. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwang'oa Wabajuni wengi. Waliingia kwenye vyombo vyao wakashuka Kenya, wengine wakaishi miaka kadhaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, na wengine wakafika Uingereza na kwingineko. Visiwa vilivamiwa, nyavu na mashine zikaporwa. Fundi aliyekimbia alichukua keke na tezo akiweza, lakini hakuweza kuchukua mikoko ya Burgabo wala mlango wa Chovai. Hata hivyo walipotua Lamu, Mombasa na Malindi, wengi walirudia kazi ile ile. Na waliobaki au kurejea hawakusubiri amani kamili ndipo watengeneze mashua zao. Nimeyaona hayo Chula: ubao mpya umewekwa kando ya ubao wa babu, kalafati inagongwa, mzee ameketi kivulini akielekeza kwa kidevu, na kijana anamwitikia naam kila mara kabla hajagusa mti.

Ras Kiamboni ndiyo mwisho wa Somalia. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya kuanzia karibu na hapa, sehemu kubwa ya eneo lililobishaniwa ikaenda Somalia, na Kenya ikakataa uamuzi. Ni jambo la mafuta na la samaki wa bahari kuu. Ndani ya miamba, mashua ya Kiunga na mashua ya Chula zina gubeti moja, fashini moja na namna moja ya kufunga foromali, mti ushikao tanga, na ukizikuta zimelala pamoja juu ya mchanga huwezi kusema ipi ina bendera ipi mpaka umuulize mwenyewe.

Kwa atakayekwenda: uliza kwanza hali ya usalama Kisimayu kwa watu wanaoishi huko, upate idhini ya wenyeji na ya serikali, na usiende bila mwenyeji wa kisiwa. Ikiwa mwaka huu haiwezekani, anza upande wa Kenya. Kuna Kiunga, kuna magofu ya Ishakani karibu na mpaka, kuna Faza na Kizingitini, na kuna Matondoni kwenye kisiwa cha Lamu, ambako majahazi bado yanaundwa mbele ya macho yako. Nenda Januari au Februari. Fika ufukoni maji yakiwa yamepwa, chombo kikiwa juu ya magadi, na umwombe fundi akuonyeshe ubao wa kwanza juu ya mkuku, ule aliouweka kabla ya yote. Akikubali, mwache akueleze kwa nini aliukunja vile, na ukae: maelezo yake yatakwenda hadi maji yajae.